Wimbo Uliokataa Kwisha

Plamedie alizaliwa Swansea, akalelewa na mvua ya Wales, na alipotimiza miaka kumi na tisa aliwatangazia wa nyumbani kwamba Mungu amemwita kutunga na kuimba nyimbo za pop. Mama yake, Armelle, akamjibu kwamba Mungu huyo huyo ndiye aliyempatia nafasi ya kusomea uuguzi mwezi wa Septemba. Wakapatana: aende London kwa mjomba wake mpaka kiangazi kiishe. Akipata mahali pa maana pa kuimba, abaki. Asipopata, arudi avae sare.

Mjomba huyo ni marehemu Albert, Bwana ampumzishe. Siku za kazi aliwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee huko Neasden, na Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa la Wakongo waliotoka Bukavu. Plamedie aliposhuka na kinanda chake, Albert alikitwaa begani.

"Kuanzia leo mimi ndiye meneja wako."

"Mjomba, unajua meneja anafanya nini?" Plamedie aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia vizuri lakini hakuwahi kujibu kwa lugha hiyo.

"Anabeba."

Na kweli alibeba. Alikibeba hadi Rayners Lane, ambako mama mmoja, Minal, alikuwa akizindua duka lake la sari, na Plamedie akaimba wimbo mmoja na nusu kabla mteja hajamwomba kwa upole asogee, kwa kuwa alikuwa amekinga kioo. Alikibeba hadi kwenye bustani moja ambako wasikilizaji walikuwa njiwa, nao wakaondoka mkate ulipokwisha.

"Usihuzunike," Albert alimwambia kwenye basi. "Nuhu naye alianza na njiwa mmoja."

Agosti ikaanza kuyoyoma, likabaki tumaini moja: baa ya Vijay, pale Kingsbury. Vijay alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama huko. Alitaka mwimbaji wa kila Ijumaa, na Alhamisi hiyo angewajaribu vijana kadhaa, kila mmoja robo saa, nyimbo tatu. Plamedie aliuweka mwishoni wimbo wake bora kuliko zote, ule alioutunga usiku na mchana kwa ajili ya siku hiyo.

Albert naye alikuwa na mpango wake. "Mtoto wetu hawezi kuimbia viti," aliiambia kwaya. Akawafundisha kwa siri kiitikio cha wimbo ambao Plamedie angeanza nao, alichokitunga kwa Kiwelshi: *Aros amdana i*, yaani, nisubiri.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado lipo, kanisa liliingia baa. Waliingia na kofia zao, vitenge na tai, wakitanguliwa na Mama Célestine, mke wa Albert, mwenye chupa ya chai ya tangawizi na bakuli la ndizi za kukaanga. Walijaza kila kiti. Albert akaweka mkono juu ya spika, akaiombea.

"Bwana Albert," Vijay alinong'ona, "baa imejaa na nimeuza Fanta mbili. Na moja wanakunywa watu watatu!"

"Subiri, ndugu yangu. Hata kwenye harusi ya Kana divai ilichelewa."

Plamedie akaanza. Alipofika kwenye kiitikio, baa nzima ilimdaka kwa sauti nne, kwa Kiwelshi cha Bukavu. Nusura aanguke kwenye kinanda. Lakini furaha yake ilipoa upesi, kwa sababu katika kanisa hilo wimbo hauna mwisho wake wenyewe. Kiitikio huzunguka mpaka kiongozi akunje ngumi hewani kama mtu anayedaka nzi. Na kiongozi alikuwa amesimama pale mbele, macho ameyafumba, machozi yakimtiririka, mikono yote miwili kifuani.

Plamedie aliacha kupiga kinanda. Wakapiga makofi badala yake, wakaendelea. Akamwinamia Mama Célestine.

"Aunty, mwambie aufunge! Nina nyimbo nyingine mbili!"

"Aufunge vipi, na Roho Mtakatifu ndiyo kwanza ameingia?"

Wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wakivaa makoti waondoke wakayavua tena. Mmoja akashika mstari wa besi. Mwingine akanunua bia, kisha akamnunulia mwenzake. Albert alipofumbua macho na kukunja ngumi, robo saa ilikuwa imeliwa, na wimbo ule mzuri ulikuwa haujaguswa.

Plamedie alianza kufungasha nyaya bila kumtazama mtu. Swansea aliiona karibu. Vijay akaja na taulo begani.

"Nilikupa nyimbo tatu, umeimba moja."

"Najua."

"Hao wazee wawili huwa wanaondoka kila mara mtu akianza kuimba. Leo wamekunywa mpaka wameniomba karanga." Akakuna kichwa. "Njoo Ijumaa. Na huyu mzee aje, lakini awe macho wazi! Na kanisa linunue japo chai."

"Nilikuwa nimefumba macho?" Albert aliuliza.

Septemba ikapita bila sare. Albert alibeba kinanda kila Ijumaa, mpaka Januari, Bwana alipomwita ghafla akiwa anamfunga mzee mmoja kamba za viatu.

Makaburini kila familia ina saa yake, na gari la maiti nyingine lilikuwa tayari langoni. Kwaya ikaanza *Aros amdana i*. Ukazunguka, ukazunguka tena. Msimamizi akatazama saa, akakohoa. Hakuna aliyeacha, kwa kuwa hakuna aliyejua kuacha bila ile ngumi. Armelle, aliyefika kutoka Swansea usiku wa kuamkia siku hiyo, akamgusa binti yake mgongoni.

"Wewe ndiye mwanamuziki," alisema. "Wafungie."

Plamedie akainua mkono. Akauacha juu, ukapita mzunguko mmoja mwingine, na mwingine. Kisha akadaka nzi.

Wimbo ukakoma. Mama Célestine akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Umemuiga vizuri," alisema. "Mpaka kuchelewa kwake."

"Ndiyo, Aunty," Plamedie alijibu, kwa Kiswahili.