Aliyezaliwa na Kiingereza

Siku hizi mambo ni ruksa, na hata walimu wetu wanatafuta kazi ng'ambo. Juzi, nikiwa kwenye foleni ya kaunta ya posta hapa Dodoma, mwalimu mmoja mama wa makamo kutoka Haneti alikuwa anajaza fomu ya kwenda kufundisha Kiingereza nje kwa mkataba wa miezi sita. Kalamu ikakwama.

"Wanauliza kama nimezaliwa na Kiingereza," alimwambia karani.

"Umezaliwa nacho?"

"Nimezaliwa na Kigogo. Kiingereza nimekifundisha miaka kumi na minane."

"Basi andika hapana, mwalimu."

"Nikiandika hapana, hawanichukui. Nikiandika ndiyo, nimewadanganya."

Karani alijikuna kichwa. "Kwani hao wanamtaka mwalimu au mtoto wao?"

Mwishowe mama aliandika hapana, na chini yake, kwa Kiingereza kilichonyooka, akaongeza kwamba wanafunzi wake wanafaulu. Akabandika stempu, akaitumbukiza bahasha sandukuni, akatoka bila kutuangalia.

Swali lile bado linanisumbua. Lingekuwa linahusu Kiswahili, nusu ya foleni tungeandika hapana, nikiwemo mimi ninayewaandikia safu hii.