Ushuhuda wa Mafuta ya Samaki

Binti yangu hajawahi kukaa hadi ugali ukaisha sahanini. Daktari alilipatia jina lile tatizo lake la kutotulia, akasema akalishwe mbele darasani, asipigwe, na kwamba vidonge vya virutubisho havitamponya, labda kama ana upungufu mwilini. Nilitoka nimenuna. Mtu unafuata dawa hospitali, unarudishwa na maneno!

Jirani yangu wa Kibamba alikuwa nayo dawa: vidonge vya mafuta ya samaki, kwenye kopo lenye picha ya mtoto anayecheka. Nikawa nampa binti yangu kila asubuhi na uji. Baada ya muda akaanza kutulia. Anarudi shule, anakaa mkekani kimya, mikono kaikalia. Nikamtangazia kila mtu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilijiona nimeshafika nchi kavu.

Wauzaji wa vidonge vile wana desturi ya ushuhuda. Mnakutana ukumbini Sinza siku ya Jumamosi, aliyesaidika anapanda jukwaani, watu wanapiga makofi. Zamu yetu ilipofika nilimvalisha gauni la sikukuu, tukapanda. Nikasema yangu yote. Kisha mshereheshaji akamwinamia mtoto na kipaza sauti.

"Haya mrembo, waambie mashangazi, siku hizi darasani ukoje?"

"Nimetulia," akasema. "Mwalimu kaniweka nyuma peke yangu, naangalia ukuta. Kasema wenzangu wasiongee na mie mpaka nitulie kabisa."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nadhani walisikia lile neno la kwanza tu. Jirani yangu alikuwa anapiga vigelegele. Mimi nilisimama pale nina hasira na sijui nimtupie nani. Ule utulivu niliokuwa nikiusifia mtaa mzima ulikuwa huzuni ya mwanangu.

Nikamshusha, tukatoka nje, nikamnunulia soda kwenye kibanda cha chipsi. Akakaa kwenye benchi, akaikalia mikono yake. Soda hakuigusa.

"Mama, nimetulia vizuri?"

"Umetulia, mama yangu. Sasa inuka, ukimbie, uruke, fanya fujo zozote unazotaka."

Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Nikiendelea hivi, mwalimu atanirudisha kwa wenzangu."