Tumbo Ambalo Viviane Alikataa Kulikanda

Kwanza mjue kwamba Viviane wa Lusangi si mtu wa kubembelezwa. Ana miaka sitini na miwili, ana viganja vipana, na kwa miaka thelathini amekanda matumbo ya nusu ya Kabambare. Kule, mtu akisikia kitu kinadunda juu ya kitovu, hakuna anayeumiza kichwa: moyo umeshuka. Analazwa mkekani kwa Viviane, anapakwa mawese ya uvuguvugu, na Viviane anausukuma moyo urudi kifuani kwake. Wengi waliamka wakala ugali. Hao walioamka ndio waliosimuliwa.

Kaka yake Assani, mchimbaji wa zamani wa Salamabila ambaye tumbaku haijamtoka mdomoni tangu ujana, naye alianza kusikia mdundo tumboni. Alikuwa Kasongo kwa mazishi, mgongo ukamuuma, daktari akampima kwa ekografi, mashine ya kutazama ndani ya tumbo. Alirudi na karatasi, anacheka.

"Ati mushipa mukubwa wa damu umevimba mule ndani," alimwambia Viviane akivua shati. "Iko kama mupira wa pikipiki wenye unataka kupasuka. Wanasema niende Bukavu, kwa skana. Na ati mutu asinikande hata kidogo! Daktari hajue mikono yako, mudogo yangu. Pandisha moyo, twende tukakule."

Viviane alikuwa ameshachovya vidole kwenye mawese. Aliweka kiganja juu ya kitovu cha kaka yake, akausikia mdundo mpana ukimsukuma mkono. Aliujua. Miaka tisa iliyopita aliukuta tumboni mwa mumewe, Gaston, akaukanda siku tatu, asubuhi na jioni, kwa nguvu zake zote na mapenzi yake yote. Siku ya tatu Gaston alipiga ukelele mmoja, akatoka jasho la baridi, akafa palepale mkekani. Msibani watu walimshika mikono wakimwambia amejitahidi.

"Vaa shati," alisema.

Asubuhi yake kaka yao mkubwa, Amisi, alifika na kanzu yake ya Ijumaa kuamua neno.

"Bwana yako ulimukanda," alisema. "Ndugu yako wa tumbo moja unamunyima mikono? Basi tutamupeleka kwa mwengine, kule Nyangwe."

Hapo ndipo Viviane alipopiga teke bakuli la mawese, mafuta yakamrukia Amisi kwenye kanzu.

"Ndiyo, nilimukanda! Na mulimuzika! Mulikula nyama ya kilio, mukubwa yangu, mukanisifu. Ni miye nilimupasua Gaston na hii mikono, na ninyi wote mukasema ni mapenzi ya Mungu. Mwenye atagusa tumbo ya Assani, nitamukata vidole!"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikia Viviane akikubali kosa, hata la chumvi kwenye mboga. Siku hiyohiyo Amisi mwenyewe, na doa lake la mawese, ndiye aliyekwenda kutafuta nafasi kwenye ndege ndogo itokayo Kasongo kwenda Bukavu.

Huko Bukavu walipokelewa na daktari kijana, Chimène. Alimlaza Assani kwenye kitanda kinachoteleza, akamchoma sindano ya dawa inayofanya damu ionekane kwenye picha, akamwambia abane pumzi. Joto lilimshuka Assani hadi mapajani, akadhani amejikojolea, akatukana kwa Kibangubangu. Kisha Viviane akaitwa aone. Tumbo la kaka yake lilikuwa limekatwa kwenye skrini vipande vyembamba kama muhogo wa kukaanga.

"Uvimbe una sentimita sita na nusu," Chimène alisema. "Unaanzia hapa, chini ya mishipa ya figo, na hapa juu mushipa bado ni muzima. Ndipo mupasuaji atabana na kushona. Bila hii picha angeingia kama kipofu. Inatibika, mama. Kuna mutu alimukanda?"

"Hapana. Na mutu akikandwa siku tatu?"

Daktari aligeukia skrini. "Wengine hupasuka bila hata kuguswa, mama."

"Sikukuuliza juu ya wengine."

"Kumukanda kunaweza kuharakisha," Chimène alisema kwa sauti ndogo.

Viviane alitoka nje, akasimama ukutani. Alimkasirikia Mungu, akaikasirikia skana iliyo mbali na Lusangi kuliko mbingu, akawakasirikia waombolezaji na sifa zao za bure. Mimi ninayewasimulia sikumlaumu, ingawa mikono ilikuwa yake.

Assani alipasuliwa, akapona. Wiki mbili baadaye, tumbo limeshonwa kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, alimshika dada yake mkono akitaka kumfariji.

"Gaston ndiye ameniokoa, mudogo yangu. Bila kifo yake, ungenikanda."

Viviane aliuvuta mkono wake.

"Nyamaza," alisema. "Gaston hakuna mutu alimuuliza kama alitaka kufa ili upone."