Kiingereza cha Koma

Jina la Koma alipewa na wadogo zake, enzi zile akiwasahihishia kazi za shule na kuwarudishia kwa sababu ya alama moja ya koma iliyokaa pasipo pake. Likamganda. Mtaa nao ukalichukua, na mgeni akisikia mtu anaita "Koma!" dirishani kwake hudhani kuna ugomvi, huongeza mwendo.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mtaratibu, mwenye kazi ambayo nusu ya jamaa zake hawakuielewa. Aliandika Kiingereza kwa mshahara. Kampuni moja ya ng'ambo ilichukua kazi kwa wenye maduka na mafundi wa huko, ikawa inawaandikia makala za kuweka kwenye tovuti zao, na nyingi kati ya hizo zilitoka kwenye meza ya Koma, iliyobanwa kati ya kitanda na kabati la nguo. Aliandika jinsi ya kumtunza mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo. Aliandika namna ya kuondoa theluji mlangoni bila kuumia mgongo, naye barafu aliijua ya kwenye jokofu tu. Mume wake, fundi wa kuchomelea mageti, hakuacha kumtania kwa hilo.

"Mke wangu ni mtaalamu wa theluji," aliwaambia wateja wake. "Ikikuangukia nyumbani, njoo, ushauri upo."

Mama mkwe, aliyehamia kwao tangu miguu ianze kumsumbua, kwa muda mrefu aliamini Koma anasali. Kila asubuhi alimsikia kupitia ukutani akitamka kwa sauti ya chini maneno yaleyale, akibadilisha kitu kidogo, akirudia tena.

Haikuwa sala, ingawa haikuwa mbali sana nayo. Kiingereza cha kuandika Koma alikipata ukubwani, kwa wakili mmoja mzee aliyemwajiri kama mpiga chapa. Barua za wakili zilinyooka kama zimepigwa pasi, na kosa moja lilitosha kumfanya achane ukurasa mzima. Pale ndipo Koma alipojifunza kusema "zaidi ya hayo" na "ikumbukwe kwamba" kwa lugha ya wenyewe, na kuzipanga hoja kwenye mstari kama viti vya mkutano. Lakini Kiingereza kina vile vineno vidogo vya kutangulia jina la kitu, ambavyo Kiswahili hakina habari navyo. Paka ni paka. Kwa nini mstari wa kwanza awe paka fulani, na wa pili awe paka yule? Kanuni alizijua zote, na bado hakuziamini mpaka sikio likubali. Ndiyo maana alisoma kwa sauti.

Basi asubuhi moja, mhariri wake alimwandikia. Huyu alikuwa mwanamke wa huko ng'ambo, mpole, ambaye walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi bila kuonana. Barua ilikuwa fupi. Kampuni, alisema, imenunua programu ya kukagua maandishi, ya kutambua yaliyoandikwa na mtu na yaliyotungwa na mashine. Makala ya Koma kuhusu mbwa wazee imepitishwa humo, na programu inasema karibu yote ni ya mashine. Je, ana maelezo?

Koma alicheka. Alidhani wameichanganya na ya mtu mwingine. Akakaa, akaandika jibu la heshima, akaeleza kwamba kila neno ni lake, kwamba amejifunzia kazi kwa wakili, kwamba ndivyo aandikavyo. Akalisoma kwa sauti, akanyoosha hapa na pale, akatuma.

Kesho yake mhariri alijibu kwa masikitiko. Alikuwa amelipitisha jibu lenyewe kwenye programu. Nalo, alisema, limeonekana ni la mashine.

Koma aliinuka. Akaenda nje alikokuwa mume wake amechuchumaa mbele ya geti, akasubiri avue miwani ya kuchomelea.

"Wanasema mimi ni mashine," alimwambia.

Mume alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Mashine gani inayosahau maji jikoni mpaka sufuria inaungua?" Alipoona mkewe hacheki, akaiweka chini fimbo ya kuchomelea. "Waambie ukweli, bwana. Si ni watu hao?"

"Nimewaambia. Ukweli wenyewe ndio wamesema umeandikwa na mashine."

Fundi aliiokota tena fimbo yake, akaigeuzageuza. Alijua namna ya kunyoosha chuma kilichopinda. Hili halikuwa na pa kushika.

Mtaa wa pili aliishi mwenzake wa kazi, kijana aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake mizito. Naye alikuwa anaandika kwa ajili ya ng'ambo, kampuni nyingine. Koma alipomweleza, Profesa alitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuona wagonjwa wengi wa namna hiyo.

"Dada, kosa lako ni usafi," alisema. "Wenyewe hawaandiki hivyo. Wenyewe wanaandika wakitafuna. Hizo mashine zimefundishwa kwa maandishi manyoofu kama yako, sasa ukija na yako unaonekana wewe ndiye umeiba. Vuruga kidogo. Rusha koma moja huku, kata sentensi katikati, weka utani."

"Utani gani kwenye makala ya bomba la maji lililoziba?"

"Utajua mwenyewe. Lakini chafua."

Alijaribu. Makala iliyofuata ilihusu mazulia, na Koma aliiandika kama kawaida kisha akaanza kuiharibu. Kila koma aliyoiondoa ilimuuma. Aliweka neno la mtaani alilolisikia kwenye filamu, akalitoa, akalirudisha. Vile vineno vidogo alivyovihangaikia nusu ya maisha yake akaviacha vidondoke viwili vitatu. Programu iliipitisha makala ile bila neno. Mhariri ndiye aliyeirudisha, imejaa mistari myekundu. "Hii haifanani na kazi yako," aliandika. "Kuna makosa ambayo hujawahi kuyafanya. Nimezidi kuwa na wasiwasi."

Kisha akatoa pendekezo, na Koma alijua amelitoa kwa nia njema. Waonane kwa simu ya video. Atampa mada hapohapo, Koma aandike yeye akimwona, nusu saa tu. Wakubwa wake wakiona, yataisha.

Siku hiyo nyumba nzima ilijiandaa kama inasubiri mkaguzi. Mume alihamisha kitanda ili ukuta wenye ufa usionekane, akawaambia wateja warudi mchana, mashine ya kuchomelea isipige kelele. Mama mkwe aliketishwa sebuleni na kuombwa asiwashe redio. Koma alivaa blauzi ya kutokea, chini amevaa kanga, akafunga mlango.

Mhariri alionekana kwenye skrini. Alikuwa mzee kuliko Koma alivyomdhania, na nyuma yake kulikuwa na mmea mkubwa kwenye chungu. Walisalimiana kwa haya, kama ndugu walioachana utotoni. Mada ilikuwa nyepesi kupita zote alizowahi kupewa: eleza chumba ulichomo.

Koma aliweka vidole kwenye vitufe. Aliangalia kitanda. Akaandika kwamba ndani ya chumba kuna kitanda, akasita. Kitanda fulani au kitanda kile? Mhariri anakijua au hakijui? Alitaka kutamka asikie, lakini mhariri yuko pale, anaangalia, na kujisemea peke yako mbele ya mtu si jambo. Akafuta. Akaandika tena. Alikumbuka kwamba "zaidi ya hayo" ni neno la mashine, akalifuta pia. Akakwepa kila mlango alioujua, na milango mingine hakuwa nayo. Kabati akaliita jina ambalo baadaye alikumbuka ni la chumba cha kuhifadhia chakula. Kila alipoinua macho, yule mama wa ng'ambo alimtabasamia kumtia moyo, na tabasamu lile lilimfukuzia mbali hata maneno machache yaliyobaki.

Nusu saa ilipokwisha alikuwa na mistari minne, na miwili ilikuwa na makosa ya mtoto wa shule. Mhariri aliisoma kimya. Uso wake ulibadilika kidogo tu.

"Asante kwa kujaribu," alisema taratibu. "Nadhani na wewe mwenyewe unaiona tofauti."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mama mkwe, aliyekuwa amechoka kusubiri na aliyeona kimya kimezidi, aliingia akishika ukuta. Akainama mbele ya kompyuta, akaukaribia ule uso wa mgeni mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Mama. Tafadhali kakae."

"Nikae nini. Mwambie." Akamgeukia mhariri, akasema naye moja kwa moja, polepole, kama anayesema na mtu asiyesikia vizuri. "Mwanangu huyu namsikia mimi. Kila siku asubuhi. Neno moja analisema, halipendi, analisema tena mpaka chai yake inapoa. Mimi Kiingereza sijui, lakini najua mtu anayehangaika. Mashine haihangaiki. Mwambie, mwanangu, neno kwa neno."

Mhariri alitazama huku na huku, akitabasamu asielewe. "Mama yako anasema nini?"

Koma alifungua mdomo. Ushahidi ulikuwa umeletwa, mzima, wa kweli, na wa kuutafsiri ni mshtakiwa mwenyewe. Akijisifu ataonekana anatunga. Na maneno yale yalivyotoka kinywani mwa mama yule hakujua aanze nayo wapi. Aliyatafuta kwa Kiingereza, yakamkimbia. Mhariri alikuwa anasubiri, na mama mkwe anasubiri, kila mmoja upande wake.

"Anakusalimu," alisema Koma.

"Oh, msalimu na yeye," mhariri akapunga mkono.

Mama mkwe aliupunga wake. "Amesema nini?"

"Amesema asante, Mama. Amesikia."

Mama mkwe aliridhika, akarudi sebuleni. Siku kadhaa baadaye, ilipofika barua ya kumwachisha kazi, hakuambiwa. Kila alipouliza kama yule mgeni ameelewa sasa, Koma alimjibu kwamba wanalifikiria.

Aliomba kazi kwingine. Kila kampuni ilitaka mfano wa maandishi, na kila mfano ulipita kwenye programu za namna ileile, majibu yakawa hayaji. Mwishowe Profesa ndiye aliyemtafutia kazi: kampuni yake ilikuwa imeanza kuandikisha makala kwa mashine, na ilihitaji mtu wa kuzipitia ili zionekane zimeandikwa na mtu. Koma aliikubali. Siku ya kwanza alipoifungua makala ya mashine alikutana na sentensi ambazo angeapa ni zake, zimenyooka, zimepangwa, na "zaidi ya hayo" pale pale ambapo angeliweka yeye. Alizikata moja baada ya nyingine. Hakuona haja ya kusoma kwa sauti. Anayeharibu hahitaji sikio. Mume alipouliza kazi mpya ikoje, alisema si mbaya, na mume hakuchimba zaidi.

Miezi ikapita, na mchana mmoja ikaingia barua ya yule mhariri. Aliiandika kutoka anwani yake ya nyumbani. Kampuni, alisema, imemwondoa na yeye. Uhariri sasa unafanywa na programu. Amekuwa akimfikiria Koma. Hana uhakika tena na mambo aliyoyaamini wakati ule. Je, Koma anajua mahali popote penye kazi? Barua ilikuwa imeandikwa haraka, koma mbili hazikuwepo, na neno moja lilirudiwa.

Koma aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Hasira aliyotegemea haikuja. Alichotaka kumwambia ni pole. Alitaka neno lenyewe tu, la kumpa mtu aliyefikwa na jambo. Akalitafuta kwa Kiingereza. Lililokuwepo ndilo hilohilo watu wa huko wanaloombea radhi, na akiliandika litakaa kama vile yeye ndiye aliyekosa. Akazunguka kwa maneno mengine, akaona yananyooka, yanakuwa ya wakili, akayafuta. Akaanza upya. Akafuta.

Sebuleni mama mkwe aliita kwamba chakula kinapoa.

Mwisho aliliandika lile neno lao la kuombea radhi, peke yake, pasipo alama yoyote mbele wala nyuma, akatuma.