Mafuta ya Mama na Mafuta ya Mjerumani

Gari langu la kwanza la maana lilifika Lubumbashi likiwa mgongoni mwa lori. Lilitoka Dubai, likapita Dar es Salaam, likakwama mpakani Kasumbalesa, na muda wote huo nilikuwa napiga simu kama mwenye mgonjwa hospitalini. Gari la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Halikuwa jipya, lakini lilijua kujifanya jipya, na hapo tulifanana. Mimi ni muuzaji wa vigae. Mabafu ya wakubwa wengi wa mji huu yamevaa vigae vyangu, na nilikuwa nimechoka kufika kwao juu ya pikipiki, vumbi jekundu limenijaa hadi kwenye kope.

Mume wangu nilimwambia gari ni la kazi. Uongo. Nililinunua ili mama yangu akae ndani yake. Nilitaka nimpitishe katika mtaa wa hapa mjini uitwao Kenya, alikozeekea, mwendo wa maringo, vioo vikiwa chini, wamwone wote: wauza mkaa, wachomelea vyuma, waimba kwaya, na hasa yule jirani aliyewahi kusema kwamba mimi nitaishia kuuza nyanya. Sikuwa na nia nyingine yoyote iliyo bora kuliko hiyo.

Siku lilipofika nilikwenda moja kwa moja kwake. Nikapiga honi, nikateremka, nikamfungulia mlango wa mbele kama dereva wa waziri. Mama akatoka akifuta mikono yake kwenye kitenge. Akaligusa gari kwa mgongo wa kidole, namna mtu anavyopima kama pasi imepata moto. Akachungulia kiti.

"Nitachafua," akasema.

"Mama, kiti ni ya kukalia."

Akarudi nyuma hatua moja. "Gari ya hivi, bantu banaiangaliaka na macho mubaya. Umeitia mafuta?"

"Bado. Nitaitia."

"Basi ukishaitia, nitapanda."

Neno mafuta lina kazi nyingi mno katika Kiswahili chetu. Tunayakaangia samaki, tunawapaka watoto, tunayamimina kwenye injini, na padri huyaleta mtu anapobatizwa na anapokaribia kuaga. Mimi, kwa kuwa siku ile ile taa ya njano yenye umbo la birika la chai ilikuwa imewaka mbele ya usukani, nilielewa mafuta ya injini. Nikaona mama yangu amekuwa mtaalamu. Nikafurahi hata.

Basi nikaanza kutafuta mafuta sahihi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Lubumbashi nzima ni fundi. Mume wangu ni Mkasai, mtu wa mkoa wa Kasai, na kwa kila swali ana jibu moja la kukupa na mawili ya akiba. Akasema gari zito linataka mafuta mazito, jambo liko wazi, kwa nini nauliza. Nilipomuuliza amelisoma wapi, akaniambia sisi wa Lubumbashi, watoto wa reli, tunasubiri filimbi ipigwe ndipo tufikiri. Shemeji yangu akasema mafuta mazito yatalinyonga. Dada mmoja niliyekutana naye saluni, kichwa chake kikiwa ndani ya mashine ya kukausha nywele, akapiga kelele kwamba yeye hununua ya bei kubwa kuliko yote na hajawahi kuuliza namba.

Nikafungua kitabu cha gari. Kilikuwa cha Kiarabu chote, mwanzo mpaka mwisho, au pengine mwisho mpaka mwanzo. Nikakipeleka kwa Mlebanoni mmoja anayeniletea vigae. Akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua kurasa kwa heshima kubwa. Akanionyesha picha ya kipimajoto na namba pembeni yake: 5W-30. Kisha akasoma aya ndefu iliyofuata, midomo ikicheza, mimi nikiwa nimeshika kalamu tayari.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Inasema: kwa maelezo zaidi, muulize aliyekuuzia gari."

Aliyeniuzia gari alikuwa Dubai na hakuwa tena anapokea simu zangu.

Nilikuwa na namba, hata hivyo, na nikaenda nayo dukani. Muuzaji wa kwanza akanieleza kwamba ile W ni ya majira ya baridi ya Ulaya. Nikamuuliza baridi gani, hapa kwetu? Akanionyesha koti lake. Ilikuwa Juni, asubuhi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Lakini namba ndiyo ilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba katika mji wetu chupa husema jambo moja na kilichomo ndani husema jingine. Wako watu wanaochukua mafuta yaliyokwisha kuungua, wanayachuja kwa kitambaa, wanayarudisha ndani ya chupa nzuri na kubandika kifuniko kwa pasi. Nikashika chupa, nikaigeuza, nikainusa, nikaitikisa karibu na sikio. Sikujua natafuta kusikia nini.

"Hii ni ya kweli?" nikauliza.

"Madame, Mungu iko mbele yetu. Kama ni ya uongo, nisifike ku nyumba leo."

Nikanunua. Mimi, niliyekuwa nikimcheka mama kila anaporudi kwenye sala na vichupa vyake, nilimwamini mtu nisiyemjua kwa sababu alimtaja Mungu na kifo chake mwenyewe katika sentensi moja. Nilijisikia mjinga kidogo, nikabeba chupa zangu, nikaondoka.

Fundi wangu ana karakana huko huko mtaani Kenya, nyuma ya kanisa ambalo spika zake zinamlazimu aongee kwa kupiga mayowe. Nikamwambia nataka vidange, mafuta ya zamani yatoke yote na haya yaingie. Akamimina tone kwenye kiganja, akalisugua, uso ukamkunjamana.

"Patronne, hii ni maji! Gari kubwa hivi unaipatia maji? Ni kama vile kupatia baba muzima uji, wakati yeye anaomba bukari, ugali ya kushiba!"

"Tia."

"Miye nitatia. Lakini moteur ikilia, usiniambie kitu."

Akatia. Nilisimama pale mpaka tone la mwisho, mikono kiunoni, kama mama mkwe jikoni. Taa ya birika ikazimika. Injini ikanguruma chini chini, kistaarabu, na fundi akasema alijua tangu mwanzo kwamba ingekubali.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa mama. Nikainua boneti uani kwake, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikamwonyesha mafuta yanavyong'aa kama asali.

"Nimeitia, Mama. Ya kweli, ya Mjerumani."

Akaangalia kijiti. "Padri ameibariki?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikaanza kumweleza habari ya msuguano wa vyuma na joto, na simu ikalia: mteja, vigae vyake vimefika vimevunjika. Nikatoka barabarani kugombana naye kwa sababu uani kwa mama mtandao haushiki. Niligombana vizuri, kwa muda wa kutosha. Niliporudi, mama alikuwa anafunga mkoba wake, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kupokea komunyo.

"Siku ya Mungu nitapanda," akasema. "Utanipeleka ku Hewa Bora, ku misa ya kikundi chetu."

Niliona nimeshinda. Niliamini maelezo yangu ya msuguano ndiyo yamemgeuza, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilijisifu.

Jumapili nikamkuta mlangoni amevaa kitenge chake cha sherehe. Mkononi alikuwa na kitenge kingine, cha zamani, amekikunja. Akakitandika juu ya kiti cha ngozi, akakinyoosha pembe zote, ndipo akakaa juu yake, mgongo haugusi popote. Iliniudhi. Nimemnunulia mama yangu kiti cha maziwa, naye anakikalia kama mgeni anayekaribia kufukuzwa. Lakini nilishusha vioo, nikaendesha polepole mbele ya wauza mkaa, na yule jirani wa nyanya alikuwapo, Mungu ni mwema, amesimama na ndoo.

Tukatoka Kenya, tukashika barabara. Mbele yetu likaingia lori, likatutupia vumbi lake lote. Kioo kikawa chekundu. Nikabonyeza maji ya kuoshea kioo. Kitu kikakohoa chini ya boneti, kisha kikaruka, kizito, kikatua juu ya kioo, na vifutio vikaanza kukisambaza kushoto na kulia. Vumbi na kile kitu vikawa uji. Sikuona lori, sikuona barabara, sikuona hata boneti yangu mwenyewe. Nikatoa kichwa dirishani, nikapiga mayowe, nikasimamisha gari pembeni huku pikipiki zikinitukana kwa lugha zote za mji.

Nikateremka, nikagusa kioo kwa kidole, nikanusa. Mafuta ya zeituni.

"Mama!"

Naye akateremka, bila haraka. Akaniambia kila kitu kwa fahari. Nilipokuwa kwenye simu, alichukua chupa ya mafuta aliyobariki padri akatafuta mahali pa kuyatia.

"Fasi ya moteur ilikuwa na namba na kizungu tu. Nikaogopa. Lakini kando kulikuwa kifuniko ingine, iko na picha: maji inaruka juu, inaanguka huku na huku. Kama vile padri ananyunyiziaka bantu. Nikasema, ni hapa banaibarikiaka."

Nikaenda kutazama. Ni kweli. Kwenye kifuniko cha tangi la maji ya kioo kuna kile kialama cha maji yanayoruka, na ukishaambiwa ni padri ananyunyiza, huwezi tena kuona kitu kingine. Tangi lenyewe sikuwahi kulijaza. Lilikuwa tupu, likimsubiri.

Nilikuwa nimekasirika na nilikuwa nacheka, na sikujua kipi kitoke kwanza. Nikatafuta kitu cha kufutia. Mama akakimbilia ndani ya gari, akavuta kile kitenge cha kwenye kiti, akaanza kukifuta kioo yeye mwenyewe, kwa nguvu zake zote, mafuta yakimpanda hadi kwenye viwiko na kumdondokea kwenye nguo. Tulifuta wote wawili mpaka kioo kikafunguka kiasi cha kuona njia. Kitenge kikawa tope tupu.

"Twende, Mama. Misa inaanza."

Hakuingia. Alisimama karibu na mlango akikitazama kiti.

"Nitakala juu ya nini?"

"Juu ya kiti."

"Na mafuta hii yote?" Akaonyesha kitenge alichovaa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Balishanipanguzia nyuma mara moja. Sipende tena."

Sikuelewa, na nikamwambia sielewi. Basi akanieleza, pale pale pembeni ya barabara. Baba yangu alikuwa dereva wa bwana mkubwa mmoja. Hilo nililijua, picha yake amevaa kofia iko sebuleni. Nisilolijua ni kwamba siku moja ya mvua alimkuta mama njiani anatoka kliniki, tumbo limejaa mimi, akampakia kwenye gari la bwana. Walipofika kwenye lango, bwana yule alikuwa amesimama kibarazani. Hakupiga kelele. Alimwambia mama ateremke, akamwambia baba alete kitambaa, na baba akapangusa kiti. Mama alisimama kwenye mvua akitazama mumewe anavyopangusa alipokuwa amekaa.

"Alipangusa muzuri," mama akasema. "Baba yako alikuwa anajua kazi. Kisha siku ile hatukuongea tena."

Hasira iliyonishika sikuwa na mahali pa kuipeleka. Bwana yule amekufa zamani, baba naye amekufa, na kiti kile sijui kiko wapi. Nililia, na nasema wazi kwamba nililia, huku mikono yangu ikinuka zeituni na waendesha pikipiki wakipunguza mwendo kututazama.

"Kaa, Mama," nikamwambia.

Akaingiza mguu mmoja. Akajishusha kidogo kidogo, kama anayeingia kwenye maji ya baridi. Kisha akauachia mgongo, akaegemea kwa uzito wake wote, akavuta mlango mwenyewe. Tulifika misa imeanza, na wanawake wa kikundi chake walipomuuliza kioo cha gari kimepatwa na nini, aliwajibu kwamba kimepakwa.

Muda ukapita, taa ya birika ikawaka tena, nikarudi kwa fundi na chupa za namba ile ile. Mama alikuja nami, kwa sababu sasa huwezi kuwasha gari hilo bila yeye kutokea. Alikuwa amekalia kibao kivulini akimsimamia fundi kazi, akimuuliza kila kifuniko ni cha nini. Fundi alipomaliza, akafungua mlango wa abiria, akaliona doa kubwa la mafuta kwenye ngozi ya rangi ya maziwa, mviringo kamili wa mtu aliyekaa. Akachukua kitambaa chake begani.

"Patronne, ku kiti kuko mafuta. Nipanguze?"

Mama alikwisha kuinuka kwenye kibao chake.

"Acha," akamwambia. "Ni ya kwangu."