Mistari Myekundu kwenye Skrini ya Halima

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta hakunipa kiti. Alinipeleka dirishani, akanionyesha malori yaliyokuwa yakipakia kabichi uwanjani, pale Lushoto mjini.

"Programu utakayoandika ndiyo itakayoyaambia yale yapitie kwa nani," alisema. "Ukikosea, mtu wa Rangwi anakaa barabarani na mzigo wake mpaka unaoza."

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima. Jambo hilo halikuwamo vitabuni.

Wakati ule tuliandika maagizo kwenye kihariri, yaani programu ya kuandikia, kisha tukaiita kompaila, ambayo huyakagua na kuyageuza yawe lugha ya mashine. Makosa yalitokea kwenye dirisha jingine, nawe ukarudi kuutafuta mstari kwa macho. Safari hiyo ilinichosha. Nikatengeneza programu ndogo, mkaguzi wa pembeni: kila faili lilipohifadhiwa, aliiendesha kompaila kimyakimya huku mtu akiendelea kuandika, kisha akayaleta makosa ndani ya kihariri na kuyapigia mstari mwekundu. Kwangu alifanya kazi bila tatizo, nikamweka na kwenye mashine ya Halima.

Halima alikuwa binti wa kijiji cha Mnazi, ametolewa mapokezi na bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Haikuchukua muda Mkuu akaniita pembeni.

"Kila nikipita, skrini ya yule binti inavuja damu. Yako safi. Ijumaa namrudisha mapokezi."

"Shikamoo, mama. Naomba kwanza niangalie."

"Marahaba. Angalia, lakini Ijumaa haisogei."

Nilichukua faili la Halima, nikalifungua kwangu. Hapakuwa na kosa hata moja. Kwake, faili lilelile lilikuwa na mistari myekundu, na mmoja ulikaa chini ya nafasi tupu. Kosa la nini mahali pasipoandikwa kitu? Nikavuta kiti, nikamtazama akifanya kazi.

"Kaka, unanikodolea vidole kama fundi cherehani," alisema.

"Mbona unahifadhi kila ukipumua?"

"Umeme wa kwetu, kaka. Ukingoja umalize sentensi, unabaki na skrini nyeusi. Mkono umeshazoea."

Hapo nikaelewa. Mimi nilihifadhi nikishamaliza fungu zima, na mkaguzi alikagua mara moja. Halima alihifadhi hata katikati ya mstari, kwa hiyo kaguzi kadhaa zilikimbia kwa pamoja, na ya zamani iliweza kumaliza baada ya mpya. Jibu lake lililochelewa lilifuta jibu sahihi na kuleta makosa ambayo Halima alikwisha kuyarekebisha.

Nikaupa kila ukaguzi namba yake. Jibu lenye namba ya nyuma likifika, linatupwa. Ijumaa asubuhi nilimwomba Mkuu asimame nyuma ya Halima. Halima akaandika, akahifadhi, akaandika, akahifadhi. Mstari mwekundu ulitokea, akarekebisha, ukaondoka, haukurudi.

Mkuu alinigeukia. "Kwa hiyo kosa lilishaisha, taarifa yake ndiyo ilikuwa njiani?"

"Ndiyo, mama."

"Kama simu za wakulima wa Mazinde. Lori limeshapita, mtu ndiyo kwanza anapiga kulalamika halijafika." Akamgusa Halima bega. "Endelea, binti. Mapokezi nitatafuta mwingine."

Siku hizi nimestaafu, nipo nyumbani na karoti zangu, na vihariri vinakuja na wakaguzi wao ndani. Vijana hawajui kama kuna wakati havikuwa nao. Cheo cha Mkuu kinashikiliwa na Halima. Juzi alinipigia simu kuhusu kijana mgeni ofisini ambaye kazi yake imejaa makosa, na wenzake wanataka aondolewe.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Bado sijamwambia kitu, kaka. Nimevuta kiti, namtazama vidole."