Ukanda wa Santuri ya Kijapani

Nimemkosea mama mkwe, na sijui uso wangu niuweke wapi. Mimi hukusanya santuri zilizochapwa Japani, za roki nzito yenye melodia tamu, za magwiji wa bendi mbalimbali walioungana kuunda bendi moja. Kila santuri huja imevikwa ukanda wa karatasi wenye maandishi ya Kijapani. Ukanda ukipotea, kwangu ni msiba.

Juzi mama mkwe alishuka kutoka Dindira kututembelea hapa Korogwe. Kesho yake asubuhi nikakuta ukanda mmoja haupo, naye yuko jikoni anawasha jiko la mkaa kwa makaratasi. Nikamfokea, mimi mtu mzima, hata shikamoo sijampa!

“Nisamehe baba, sikujua,” alisema, macho chini.

Jumapili nikaitwa mbele ya kanisa kusoma somo, ambalo nilikuwa nimeliwekea alama nyumbani usiku ule mama alipofika, huku nasikiliza santuri. Nilipofungua Biblia, ukanda ukadondoka, ukapeperuka hadi miguuni pa mama mkwe, benchi la mbele. Akauokota, akaupangusa kwa kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Karatasi yako hii, baba. Kumbe sikuichoma.”